Kuendesha Kituo cha Afya Kijijini Ukiwa Muuguzi Mkunga Msaidizi

Muuguzi mkunga msaidizi hufundishwa kumpokea mjamzito, kupima shinikizo la damu, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kuzalisha na kuchanja. Namna ya kukalia kiti cha mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, hafundishwi, au hufundishwa juujuu tu. Hata hivyo vituo vingi vya vijijini huangukia mikononi mwake, kwa kuwa wenye vyeo vya juu ama hawakupangiwa huko, ama walipangiwa wakahama, na yeye ndiye aliyebaki na funguo. Nimeishi hali hiyo kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu wote unatokana na jambo moja nililolishuhudia mara nyingi: yatakayompata mama anayefika usiku akivuja damu huwa yameshaamuliwa kwa sehemu kubwa mchana, wakati kituo kilipokuwa kimya na hakuna aliyekuwa akikuharakisha.

Kwa sababu hiyo, anza siku yako katika chumba cha kujifungulia kabla hujaigusa foleni ya wagonjwa wa nje. Foleni itakuita yenyewe, lakini chumba kitupu hakimwiti mtu, na ndiyo maana kasoro zake hujulikana wakati mama ameshapanda kitandani. Kagua mfuko wa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua: ubonyeze huku umeziba mdomo wa mfuko huo kwa kiganja ili uone kama una ukinzani, kisha hakikisha barakoa zote mbili zipo, namba 1 ya mtoto aliyetimiza miezi na namba 0 ya njiti. Mtoto asiyelia wala kupumua baada ya kukaushwa na kusisimuliwa anatakiwa kuanza kupuliziwa hewa ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake, na dakika hiyo haitoshi kufungua kabati, kutafuta barakoa na kugundua kwamba imepasuka. Angalia pia taa ya akiba, glovu, vibanio vya kitovu, maji ya dripu, sindano za kuzuia kifafa cha mimba na mashine ya shinikizo. Ukaguzi wenyewe ni wa muda mfupi, na ukishazoeleka unaweza kumkabidhi mwenzako kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, ili mradi atie sahihi yake.

Suala la funguo linastahili kusemwa peke yake, kwa maana nimeona vituo vyenye dawa zote zinazohitajika na bado mgonjwa akazikosa. Dawa za dharura hufungiwa stoo kwa hofu ya wizi, ufunguo hushikwa na mtu mmoja mwaminifu, na mtu huyo mwaminifu huenda semina. Wakaguzi wakija husifia stoo iliyofungwa vizuri. Ushauri wangu ni kutenga sanduku la dharura ndani ya chumba cha kujifungulia lenye kiasi kidogo kinachojulikana, lililofungwa kwa utepe wa karatasi wenye tarehe na sahihi badala ya kufuli. Utepe ukikatika, kila mtu anajua kuwa kimetumika kitu na lazima kirudishiwe kabla ya zamu kwisha. Atakayetaka kuiba ataiba, lakini kosa lake litaonekana siku hiyo hiyo, na mama hatacheleweshwa kwa ajili ya mwizi ambaye huenda hayupo.

Kuna dawa moja, hata hivyo, isiyoweza kukaa muda mrefu katika sanduku hilo, nayo ni oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isitoke kwa wingi baada ya kujifungua. Inatakiwa kuhifadhiwa katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ikikaa kwenye joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Mkunga huchoma yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, kama inavyotakiwa, kisha anashangaa kwa nini mfuko wa uzazi umebaki mlegevu; kumbe alichochoma kilikwisha nguvu wiki kadhaa nyuma juu ya rafu. Toa jokofuni kiasi cha kutosha zamu moja, kiweke kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu vilivyoanza kuyeyuka, na kilichobaki kirudi. Baadhi ya vituo huweka oksitosini mbali na jokofu la chanjo kwa kudhani kuwa sheria za chanjo haziruhusu. Ukweli ni kwamba joto linalozifaa ni lile lile, na palipo na jokofu moja tu zinaweza kukaa pamoja, kila moja katika chombo chake chenye lebo. Ikiwa umeme wenu hauaminiki, ulizia katika bohari kuhusu kabetosini inayohimili joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018 kwa kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, ukikumbuka kwamba ilipendekezwa kwa kuzuia, si kwa kutibu damu ambayo imeshaanza kumwagika.

Kuhusu chanjo nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengi wetu tunaijua kazi hiyo vizuri. Joto la jokofu liandikwe mara mbili kwa siku, hata siku za mapumziko, na liandikwe na mtu aliyesoma kipimajoto, si na mtu aliyenakili namba ya jana. Tunaogopa sana joto na kusahau baridi, ilhali chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B na ile ya pamoja ya watoto huharibika zikiganda. Chupa za chanjo ya surua na ya BCG (kifua kikuu), kila moja ikishachanganywa na kimiminika chake, zitupwe baada ya saa 6 au kikao kikiisha, lolote litakalotangulia, hata kama roho inauma kwa dozi zilizobaki.

Stoo ya dawa inadai hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Chukua matumizi ya miezi mitatu iliyopita, ugawe kwa tatu, upate wastani wa mwezi. Zidisha kwa idadi ya miezi ambayo akiba inatakiwa kudumu, kisha ondoa ulichonacho. Ugumu uko penginepo: dawa iliyoisha wiki ya pili huonekana kwenye leja kana kwamba ilitumika kidogo, na ukiagiza kwa kufuata leja hiyo utaletewa kidogo tena, mwezi baada ya mwezi. Andika siku ambazo dawa haikuwepo, na uziondoe unapotafuta wastani. Sijawahi kuona afisa wa bohari akikataa ombi lenye maelezo ya namna hiyo, ilhali nimeona mengi yaliyopunguzwa kwa sababu mwombaji aliongeza namba kwa kukisia.

Ninakuja sasa kwenye rufaa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote za mfawidhi asiye daktari. Wapo wanaoiona rufaa kama kukiri kushindwa, na huchelewa kuiandika wakiona aibu mbele ya ndugu wa mgonjwa. Mimi naihesabu kuwa tiba inayotakiwa kutolewa kwa wakati wake, sawa na sindano. Mwaka 1994 watafiti wawili waliyaeleza mauti ya akina mama kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kituo cha kijijini kinagusa zote tatu kwa wakati mmoja, kwa sababu ndipo mama anapofika, na ndipo anapoanzia safari ya pili. Patografu, yaani karatasi ya kuchora mwenendo wa uchungu, ikijazwa papo hapo inakuambia uamuzi uko lini. Ikijazwa baada ya mtoto kuzaliwa ni mchoro tu wa kumridhisha mkaguzi. Wale tuliofundishwa kuhesabu uchungu kamili kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 4 tujue kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaanzia sentimita 5, kwa hiyo timu nzima ikubaliane inatumia karatasi ipi, ili zamu ya usiku isiisome ya mchana kwa kanuni tofauti.

Maandalizi ya rufaa hufanywa pasipo mgonjwa. Andika ukutani namba za simu za madereva zaidi ya mmoja, na uzipigie mara kwa mara ili ujue ipi haipatikani usiku. Kubaliana mapema na kamati ya kituo kuhusu nani atalipa mafuta gari la wagonjwa linapokuwa mbali, maana mazungumzo ya fedha hayafai kufanyika huku damu inatoka. Iambie hospitali kabla gari halijaondoka, umtaje aliyepokea simu katika barua, na katika barua hiyo andika ulichokiona, ulichokitoa na saa uliyokitoa. Neno "rufaa kwa uangalizi zaidi" halimsaidii anayempokea mgonjwa. "Mama wa mimba ya tatu, amejifungua saa 8 usiku, kondo limetoka, damu inakisiwa kuzidi mililita 500, amepewa oksitosini na dripu inaendelea" humsaidia kuandaa damu na watu.

Na usimtoe mgonjwa mikono mitupu. Mwenye kifafa cha mimba apewe dozi ya mwanzo ya magnesiamu salfeti kabla ya safari. Ile kamili ni gramu 4 mshipani polepole na gramu 5 katika kila tako, na pasipowezekana mshipani hutolewa zile gramu 10 za kwenye misuli peke yake. Anayevuja damu asingwe mfuko wa uzazi, atolewe mkojo, aongezewe oksitosini, na kama asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, ipo apewe gramu 1 mshipani, ikiwa hazijapita saa 3 tangu ajifungue. Kada yetu hairuhusiwi kutoa dawa hizi zote katika kila nchi. Soma mwongozo wa nchi yako ukiwa umetulia, na pale unapokukataza, omba idhini ya maandishi kutoka kwa daktari anayekusimamia kuhusu hatua utakazochukua wakati wa dharura. Karatasi hiyo itakulinda wewe na kumlinda mgonjwa, na ni rahisi zaidi kuipata kabla ya tukio kuliko baada yake.

Kuongoza watu ukiwa na cheo cha chini ni jambo linalosumbua wengi, na sitadai kuwa lina dawa moja. Utakuta mhudumu mwenye umri wa kuwa mama yako, mlinzi aliyekuwepo kabla jengo halijapakwa rangi ya kwanza, na pengine tabibu kijana aliyekuja juzi na asiyependa kuulizwa na msaidizi. Nimeona kwamba amri hupokelewa vizuri ikiwa imetoka kwenye mwongozo uliobandikwa, na si kinywani mwangu. Sisemi, "Nataka kisanduku cha sindano kifungwe." Tunasimama wote mbele ya karatasi inayosema kifungwe kikifika robo tatu, na tunakitazama kama kimefika. Mhudumu wa usafi ashirikishwe katika kikao kama mwenzetu wa kitabibu, kwa sababu yeye ndiye anayejua choo cha wagonjwa kilikosa maji lini, na kama vifaa vilivyofungwa vilikaa ndani ya otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) dakika 30 kamili kwa nyuzi 121 au vilitolewa mapema kwa sababu kuni au umeme uliisha. Kuhusu wakunga wa jadi, nimeacha kubishana nao. Ninawaalika wamsindikize mama hadi kituoni na wabaki naye kama ndugu wa kumfariji, na wengi wamekubali kwa kuwa heshima yao mbele ya jamii haikuguswa.

Taarifa ya mwezi ambayo sisi huituma tukiwa na haraka inastahili kusomwa na aliyeiandika. Weka kando karatasi moja yenye namba chache tu: wajawazito walioanza kliniki, waliofika hudhurio la nne na la nane, waliojifungulia kituoni, na watoto waliopata dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo ya pamoja. Mahudhurio manane yalipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, na tofauti kati ya walioanza na waliomaliza hukuonyesha mahali pa kuuliza. Usiulize kwa nini wanawake hawaji, kwani utajibiwa kwa adabu kwamba wako shughulini. Waulize wahudumu wa afya ya jamii ni nyumba zipi, upande gani wa kijiji, na siku gani ya wiki wenye nyumba hizo huwa huru. Katika kituo changu jibu lilikuwa jepesi mno: siku ya kliniki iligongana na siku ambayo watu huenda kuuza mazao, na tulipoihamisha hatukuhitaji kuhamasisha mtu.

Jambo la mwisho linahusu siku ambayo wewe hutakuwepo, nayo lazima iwepo, kwa kuwa mtu anayelala kituoni usiku wote na kupima wagonjwa mchana kutwa ataanza kusoma vibaya namba za kipimajoto. Unapokwenda likizo, usimwachie mwenzako maneno ya mdomo. Andika mahali funguo zilipo na nani ana za akiba, dawa zipi zitaisha kabla hujarudi, wajawazito walio karibu kujifungua na wenye dalili za hatari kwa majina ya rejesta, mgonjwa yupi wa rufaa hujapata habari zake, na daktari gani hupokea simu usiku. Mpitishe katika vyumba vyote akiwa na karatasi hiyo mkononi, umwombe akuonyeshe yeye mwenyewe mfuko wa kumpulizia mtoto ulipo, kisha mtie sahihi nyote wawili.