Cherehani yangu itaruhusiwa?

SWALI: Mume wangu amepata kazi Marekani kwa viza ya H-1B, ya wafanyakazi wa kitaaluma, mimi nitaingia na H-4, ya mke au mume na watoto wao. Nashona nguo za watoto na kuziuza. Naweza kuendelea?

JIBU: Dada yangu, usiuze bado. H-4 peke yake haikupi ruhusa ya kazi, na kujiajiri ni kazi vilevile, hata cherehani ikiwa chumbani. Tangu 2015 wake kama wewe wanaweza kuomba kibali cha kazi, mara nyingi baada ya ombi la mwajiri la kumpatia mume ukaazi wa kudumu, fomu I-140, kuidhinishwa. Kibali hicho hakikufungi kwa mwajiri mmoja. Kushona na kuuza utaruhusiwa. Inaniuma ujuzi kukaa bure, kwa hiyo mumeo amuulize mwajiri kabla ya kusaini mkataba: I-140 mtaiwasilisha lini?