Dada, hiyo rangi ya maji usiitie kwenye chokoleti

Dada, kama hiyo chupa bado hujaifungua, iweke chini. Swali lako nimelisoma mara mbili nikiwa kwenye daladala na nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani. Unasema una kilo mbili za chokoleti nyeupe, sendofu ya binamu yako ni Jumamosi, dripu, yaani ile chokoleti inayochuruzika pembeni mwa keki, iwe bluu iliyokoza. Unauliza utie matone mangapi ya rangi uliyonayo. Halafu ukamalizia kwamba muuzaji wa Kariakoo amekuhakikishia rangi hiyo "inaingia kwenye kila kitu". Hapo ndipo moyo uliponiruka, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Matone mangapi? Hata moja usitie.

Ilikuwa Februari 2022. Nilikuwa na oda ya keki ya ngazi tatu ya sendofu, ukumbi uko Sinza, kamati ya akina mama imechagua bluu ifanane na sare zao. Nilienda Kariakoo nikamweleza muuzaji wazi kabisa kwamba nataka rangi ya kutia kwenye chokoleti. Akanipa kichupa cha rangi ya maji, ile tunayotia kwenye aisingi, ile sukari laini ya kupaka keki. Nikamuuliza tena, hii kweli ni ya chokoleti? Akanijibu bila hata kuniangalia: rangi ya chakula ni rangi ya chakula.

Ijumaa saa tatu usiku nikayeyusha chokoleti yote kwa mkupuo, kilo mbili na nusu. Ilikuwa inang'aa, inateleza kwenye mwiko kama uji mwepesi. Nikadondosha matone sita, nikakoroga. Michirizi ya bluu ikatokea, nikafurahi. Haikupita dakika moja ikaanza kuwa nzito, ikapoteza mng'ao, ikawa na chengachenga, kisha ikajikusanya yote kwenye mwiko kama ugali uliokosa maji. Nikasema labda imepoa, nikairudisha motoni. Ikazidi. Nikasema labda rangi haijatosha, nikaongeza matone kumi. Ikazidi tena. Nikatia vijiko viwili vya maji ya moto nikidhani nailainisha, na moto nikauongeza. Kufika saa sita usiku nilikuwa na donge la bluu iliyopauka linalonuka kuungua, mafuta yamejitenga pembeni ya bakuli, na sina hata kipande kimoja cha chokoleti kilichobaki.

Maduka yanafunguliwa asubuhi. Niliyapata ya kwanza saa mbili, nikarudi Tabata kwa bodaboda, keki ikafika ukumbini jioni imechelewa na dripu nyeupe tupu kwa sababu sikuthubutu tena kugusa rangi. Kamati ilikata nusu ya malipo. Advansi ilikuwa imeshaishia kwenye mayai, siagi na chokoleti yenyewe, kwa hiyo keki ile niliilipia mimi. Na yule mama mwenyekiti wa kamati ana mabinti wengine watatu. Hajanipigia simu mpaka leo.

Asije mtu hapa akaniambia ningesoma lebo. Niliisoma. Iliandikwa rangi ya chakula. Na muuzaji nilimuuliza mara mbili. Mtu anayeuza vifaa vya keki kutwa nzima ana wajibu wa kujua anachouza, na kama hajui aseme hajui. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote hii imepita na bado kuna mtu pale anamwambia dada mwingine maneno yale yale.

Sasa elewa kwa nini, ili mtu asikudanganye tena. Chokoleti iliyoyeyuka haina maji. Ni chembe ndogo ndogo za sukari, na unga wa maziwa kwenye ile nyeupe, zinazoelea ndani ya mafuta. Zikiwa kavu zinateleza. Ukidondosha maji kidogo, sukari inalowa, inanata, chembe zinashikana. Ni kama kopo la sukari ukichotea kijiko kilicholowa chai: mabonge hapo hapo. Rangi ya maji ni maji. Rangi ya jeli nayo kwa kawaida ina maji au glisarini, kwa hiyo usidanganyike kwamba ni nzito. Hata vanila ya chupa inafanya hivyo hivyo. Hata mwiko wa mbao uliooshwa ukafutwa juu juu. Hata mvuke wa sufuria ukiingia kwenye bakuli.

Utaniambia umeona video mtu anatia jeli kwenye chokoleti nyeupe na dripu inatoka safi. Ni kweli, hata mimi niliiona, na ndiyo iliyonifanya nimwamini yule muuzaji. Angalia vizuri kabla ya rangi: alitia krimu ya moto. Krimu ina maji mengi, sukari inayeyuka humo, haibaki imelowa nusu nusu ikanata, na jeli ikiingia inakuta maji tayari yapo. Chokoleti inaharibiwa na maji kidogo. Wewe umesema unayeyusha chokoleti yenyewe bila krimu kwa sababu unataka ikauke ngumu, basi video ile haikuhusu.

Unachotaka ni rangi ya mafuta, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chokoleti, au rangi ya unga inayoenea kwenye mafuta. Na hapa tena uwe macho, maana zipo rangi za unga zilizotengenezwa ziyeyuke majini. Ukizitia kwenye chokoleti haishikani, lakini rangi inabaki vidoadoa na haikolei. Kwa hiyo dawa ni moja, na mimi siku hizi naifanya hata kwa chupa niliyowahi kuitumia: chukua kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti ya jikoni kwako, weka kwenye kisahani cheupe kikavu, dondosha tone moja la rangi au chembe ya ule unga, koroga kwa kijiti cha meno. Ikienea na mafuta yote yakageuka rangi, ni ya chokoleti. Ikijikunja vishanga au ikizama kama mchanga, ni ya aisingi, hata muuzaji aape.

Ukiipata ya kweli, usiyeyushe yote kama nilivyofanya mimi. Katakata vipande vidogo, weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji, maji yawe yanafukuta tu bila kuchemka, bakuli lisiyaguse. Nyeupe inaungua upesi. Ikifika nyuzi 45 inatosha, itoe. Rangi ichanganye kwanza na kijiko kimoja cha chokoleti mpaka iwe laini, ndipo uirudishe kwenye bakuli kubwa. Na kwa kuwa chokoleti nyeupe ina umanjano wake, bluu kidogo itakupa kijani. Tia rangi nyeupe ya mafuta kwanza, ndipo bluu. Ikiwa nzito, ilainishe kwa kijiko cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu. Narudia, mafuta.

Kama pakiti yako ni ya kompaundi, yaani imetumia mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, kazi yako itakuwa rahisi zaidi. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na joto la jiko la Dar haliko mbali na hapo, kwa hiyo dripu yake inachelewa kuganda.

Ikitokea imeshikana na bado haijaungua, usiitupe. Itie krimu au maziwa ya moto ya kutosha, koroga mpaka ilainike, ipake katikati ya tabaka za keki. Kwenye dripu ngumu haitarudi tena, usipoteze usiku kuibembeleza.

Lile jaribio la kisahani lifanye leo usiku, na hiyo hiyo chupa uliyonayo, kabla hujakata pakiti hata moja. Halafu rudi hapa uniambie tone lilienea au lilijikunja, nijue kama kesho twende Kariakoo pamoja, maana sasa duka la kwenda nalijua.