Kitanda si ofisi, dadangu

Dadangu, umesema unafanyia kazi kitandani kwenye bedsita yako ya mtaa wa Umoja, Nairobi, mteja yuko New York, na jioni inafika hujamaliza lolote. Mimi ningeanza na saa. Kule ikiwa saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi jioni, au saa kumi na moja wakiwa kwenye majira ya baridi. Asubuhi yote ni yako, kwa hivyo usiimalize ukingojea ujumbe wao. Kazi ngumu ifanye kabla ya saa sita. Simu yangu mimi huitia ndani ya sufuria na kufunika. Cheka tu, lakini kuinuka kufunua kifuniko kunanitia aibu kidogo, basi naiacha.

Tafuta meza. Yangu nilichongewa na fundi wa kando ya barabara, ndogo kama ya kuchezea drafti, na mgongo uliacha kuuma.

Chaji laptopu usiku na uweke bando ya akiba. Stima hupenda kupotea mkutano ukinoga.

Halafu kuna watu. Ukionekana nyumbani, wanadhani huna kazi. Shangazi yangu alikuwa akinituma gesi saa nne asubuhi, hadi nilipomwandikia saa zangu kwenye karatasi nikaibandika mlangoni.