Jirani anayesema "nimechoka tu": namna ya kutumia mwongozo wa huduma ya kwanza ya afya ya akili

Ndugu, umeeleza kwamba ulipewa kijitabu cha huduma ya kwanza ya afya ya akili kwenye semina ya kazini hapo Arusha, umekisoma chote, na sasa mpangaji mwenzio wa Sakina, fundi cherehani, wiki ya pili hafungui kibanda. Ukimuuliza anajibu "nimechoka tu". Unaogopa ukikosea neno utamzidishia. Nakujibu kwa urefu kwa sababu wenye hofu hiyo ni wengi, na kwa hofu hiyo jirani anabaki peke yake chumbani.

Kwanza ujue umeshika mwongozo upi, maana kuna aina mbili zinazochanganywa. Upo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011, kwa ajili ya watu waliotoka kwenye tukio kama ajali ya basi, moto au mafuriko. Kazi yake ni tazama, sikiliza, unganisha, na humlazimishi mtu asimulie alichokiona. Wa kwako ni wa mafunzo yaliyoanzishwa Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener na Anthony Jorm, na huo ndio wa maisha ya kila siku. Una hatua tano: kumwendea mtu na kuangalia kama yupo hatarini, kumsikiliza bila kumhukumu, kumpa moyo na maelezo, kumhimiza aende kwa mtaalamu, na kumhimiza ategemee pia watu wake wa karibu. Usizichukue kama ngazi za kupanda moja moja. Suala la hatari ndilo linalotangulia. Kusikiliza utakurudia kila mnapokutana.

Kijitabu kinasema "mwendee mtu", lakini hakisemi umwendee kwa maneno gani, na hapo ndipo wengi hukwama. Salamu zetu zina majibu yake tayari. Habari za leo? Nzuri. Za nyumbani? Salama. Hata aliyelia usiku kucha atajibu nzuri, kwa sababu ndiyo adabu. Kwa hiyo maliza salamu zote, kaa chini, kisha uliza tena kwa kutaja ulichokiona kwa macho yako: "Fundi, tangu Jumatatu ya juzi hujafungua, na jana sahani uliirudisha na chakula chake. Nimekuja kujua wewe mwenyewe unaendeleaje." Usitaje ugonjwa. Ukimwambia "wewe una sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ataanza kujitetea na mazungumzo yatageuka kesi. Usiulize pia "una matatizo gani?", maana masikioni mwetu swali hilo limebeba lawama.

Akisema "nina mawazo", jibu la mtaani ni "acha mawazo". Jibu hilo humnyamazisha mtu palepale. Uliza badala yake: mawazo gani yanakurudia zaidi? Yanakuja saa ngapi? Usingizi unaupata? Mtu anayeamka saa tisa usiku na hapati tena usingizi, chakula hakina ladha, mpira au kwaya aliyoipenda haimvutii, anajiona mzigo, na hali hiyo imemshika karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, huyo haumwi uchovu wa kazi. Kwetu pia sonona hupenda kujitokeza mwilini: kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mgongo, tumbo lisilopona. Mtu anaweza kupimwa malaria na taifodi mara kadhaa kabla hajatokea wa kumuuliza habari za usingizi. Angalia na majira. Anayetegemea watalii, mapato hukauka masika ya Aprili na Mei huku mikopo ya kausha damu ikiendelea kudai. Kwa Mchaga asiye na nauli wala cha kubeba kwenda nyumbani, Desemba inaweza kuwa mwezi mgumu kuliko yote.

Kwenye kusikiliza, tenga angalau dakika 40. Usikae naye kibarazani ambapo wapangaji wanapita na ndoo. Ingia ndani, au tembeeni. Wanaume wengi huongea vizuri wakiwa bega kwa bega kuliko wakitazamana. Zima simu. Akinyamaza, nyamaza naye hadi aendelee mwenyewe. Neno "pole" linatosha sana, ila likishatoka usiliwekee mkia wa "jikaze", "wewe ni mwanaume", au "kuna wenye shida kukuzidi". Na kama aliyeelemewa ni mzee wa kumwamkia shikamoo, usimhoji wewe kijana. Mtafute wa rika lake au shemeji anayemheshimu, umweleze ulichokiona, na umwachie yeye maswali mazito.

Sasa hatari, ambayo watu huiruka kwa woga. Kuuliza kuhusu kujiua hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kama lipo, swali humpa nafasi ya kulitua. Kauli zenyewe huja zimefunikwa: "natamani nilale nisiamke", "Mungu anichukue tu", "watoto watalelewa na bibi yao". Ukisikia hivyo uliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Umefika mahali pa kuwaza kujiua?" Akikubali, endelea: umewaza ufanyeje? Una kitu cha kufanyia? Umepanga lini? Uliwahi kujaribu? Kadiri mpango ulivyo kamili, na zaidi kama aliwahi kujaribu, ndivyo usivyotakiwa kumwacha peke yake hata kwenda msalani bila mtu kuwa karibu, na safari ya hospitali ni sasa hivi. Kama hana mpango, bado aonwe na mtaalamu ndani ya siku chache, na vitu vya hatari vihame nyumbani. Huku kwetu vingi ni viuatilifu vya nyanya na kahawa, dawa za kuogeshea mifugo, na vidonge vilivyobaki kabatini. Vibebwe na ndugu au jirani akavifungie kwa kufuli, nje ya nyumba hiyo. Hatua hii huokoa watu, kwa sababu msukumo wenyewe mara nyingi ni wa muda mfupi na hupungua mtu akikosa kitu cha karibu.

Ikiwa ameshameza sumu: usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mvue nguo zilizolowa ukiwa umejikinga mikono, mlaze kwa ubavu kama amelegea, beba chupa au karatasi ya dawa, mkimbize. Msianze kusubiri karatasi ya polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa sababu hiyo familia nyingine humwambia daktari "alikula chakula kibaya". Msifanye hivyo. Tiba hutegemea sumu aliyokunywa, na uongo huo hula muda wa mgonjwa. Binafsi naona kifungu hicho kinaua kwa kuwafanya watu wafiche, lakini hilo la Bunge. Wewe mwambie daktari ukweli.

Na akikwambia "usimwambie mtu", usiahidi. Sema: "Mambo yako sitayatangaza. Lakini likifika la uhai wako nitamwita mtu, na nitakutajia ni nani kabla sijamwita."

Mahali ambapo huduma hii huvunjika zaidi ni kati ya neno "nenda hospitali" na mlango wa hospitali. Mtu mwenye sonona hana nguvu ya kuoga, wewe unamwambia apande daladala, aulize dirisha, akae foleni na ajieleze kwa mgeni. Hatakwenda, na wewe utadhani amekataa msaada. Kwa hiyo usimwelekeze, mfikishe. Anzia zahanati au kituo cha afya kama hakuna dharura, mpate rufaa. Kwa Arusha rufaa ya mkoa ni Mount Meru, kwa Moshi ni Mawenzi, na juu yake ipo KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda. Kliniki ya akili huenda isiwepo kila siku, kwa hiyo tangulia kuulizia siku na saa, pamoja na gharama ya kufungua faili. Andika kwenye karatasi mistari mitano: lini ilianza, usingizi, chakula, kauli za kutisha alizosema, dawa anazotumia. Ukweli huo husahaulika mbele ya daktari. Panga nauli ya wawili, kwenda na kurudi. Asubuhi ya siku hiyo mgongee mapema, mpe chai, mwondoke pamoja.

Akipewa dawa za sonona, mwambie mapema kwamba hazifanyi kazi kama panado. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati kinywa kukauka au kichefuchefu huweza kuanza siku za mwanzo. Bila kujua hilo, mtu huzitupa siku ya sita. Asiziache ghafla hata akijisikia mzima. Na anayekwenda Rombo au Marangu sikukuu achukue dozi ya siku zote atakazokaa huko.

Kuhusu maombi na waganga, usibishane. "Sala iendelee na kliniki iendelee" ni kauli inayopita kwenye nyumba nyingi. Palipo na kamba, minyororo, viboko au kunyimwa chakula na dawa, hapo sikubaliani kabisa. Mwite afisa ustawi wa jamii. Kwa mtoto, ipo namba 116.

Hali nyingine nitazigusa kwa kifupi. Aliyeshikwa na hofu kali ghafla, anahema, anatetemeka, anadhani anakufa: tawanya watu, usimmwagie maji, usimpe mfuko wa kupumulia. Pumua naye, kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6. Mara nyingi hufika kilele ndani ya dakika 10 kisha hushuka. Ila kama ni mara ya kwanza, au kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkononi au tayani, mpeleke kama mgonjwa wa moyo hadi daktari aseme vinginevyo.

Anayesikia sauti au kuamini anafuatwa: usimbishie, usikubaliane naye. "Mimi sisikii, lakini naona inakutisha" inatosha. Punguza kelele, ongea mmoja tu, mwache awe karibu na mlango. Hali hiyo ikianza ghafla pamoja na homa, au kwa mgonjwa wa sukari, ni dharura ya mwili. Si ya kusubiri siku ya kliniki.

Mnywaji wa kila siku wa gongo au mbege msimfungie ndani ili "aache". Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege huweza kumpata siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kwa kuona vitu kunaweza kufuata. Hali hii huua. Aache akiwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Na mzazi aliyejifungua karibuni, mnayempelekea mtori: msiishie kumshika mtoto. Muulizeni mama kama naye anapata usingizi mtoto anapolala. Akiwa halali kabisa, anaongea yasiyoeleweka au anamwogopa mtoto wake, hasa wiki 2 za kwanza, ni hospitali siku hiyohiyo.

Basi kwa fundi wako. Nenda saa kumi jioni, kabla ua haujajaa watu. Beba chakula cha wawili, mle pamoja. Habari zake zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, wala jumuiya wasiombee kwa kutaja jina. Mtafute mtu wa pili wa kupokezana naye, maana peke yako utachoka wiki ya tatu. Akisema hataki kuongea, jibu "sawa, nitapita tena Alhamisi saa hizihizi", na Alhamisi upite kweli, hata kama mvua inanyesha. Asipofungua, na simu haipokei, na hakuna aliyemwona tangu jana yake, usirudi kulala: mwite mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa mfungue mlango.