Mdogo wake Loleza na Tazara aitwe nani?

Nikitaja majina ya wanangu, watu hunyamaza kidogo, halafu huuliza tena. Wa kwanza ni msichana, anaitwa Loleza. Wa pili ni mvulana, anaitwa Tazara. Ndiyo, Loleza kama ule mlima ulioinuka juu ya mji wetu wa Mbeya, na Tazara kama reli ya kwenda Zambia. Kwa hiyo mimba ya tatu ilipoanza kuonekana, wachache waliniuliza kama natapika au kama miguu imevimba. Wengi walitaka kujua huyu naye tunamwitaje. Saluni moja pale Mwanjelwa walishanipangia kabisa: Kitulo, Rungwe, Ngosi, Kiwira. "Ukikosa vyote, Uyole ipo," akasema dada aliyekuwa ananisuka, na tukacheka wote.

Wazazi wenye shida kama yangu si wachache, na si lazima uwe na mtoto mwenye jina la mlima. Huenda unaye Sikujua, au Azimio, au umemwita mwanao Jumatano na limemkaa vizuri tu. Ukishampa wa kwanza jina la peke yake, umejiwekea kazi. Wa pili ukimwita Neema, watu watauliza kwa nini huyu kapewa jina la kawaida. Ukimpa la ajabu zaidi, watasema mnashindana na nani.

Ushauri utakaousikia kwanza ni wa kufananisha herufi au sauti. Huku kwetu tumezoea, zipo nyumba zenye Asifiwe, Atukuzwe na Ahimidiwe, wote wamepangana kama kwaya ya Moraviani. Kwenye picha ya familia inapendeza. Ila siku ugali unapoa na wote wako nje, unasimama mlangoni unaita "A... A... we nanihii!" wanageuka watatu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipenda sana Lusajo, jina zuri la Kinyakyusa na upande wa mume wangu wangefurahi. Nikajaribu kuliita kwa sauti pamoja na Loleza, dirishani, nikiwa peke yangu. Sikufika mbali. Jaribu na wewe kabla hujamwambia mtu yeyote; jina linalopendeza likiandikwa huwa linabadilika likipigiwa kelele.

Wasukuma wao hawana tabu hii wakipata mapacha: Kulwa, Doto, na anayewafuata ni Shija, utaratibu umeshakuamulia. Sisi ambao wakubwa wetu wamepewa majina nje ya utaratibu wowote, tunaachiwa tuhangaike wenyewe.

Ushauri wa pili ndio ule wa saluni, wa kuendeleza mstari: una mlima na reli, tafuta mahali pengine. Huu ndio ulionishika kwa muda mrefu, kwa sababu kwa nje una mantiki. Kitulo, kwa mfano. Jina ni jepesi kutamka, mahali penyewe panasifika, hifadhi ya taifa tangu 2005, maua yakichanua wakati wa mvua watu wanapaita Bustani ya Mungu. Mtoto wa kike aitwe Kitulo, nani atakataa? Baba Loleza alikuwa ameshakubali. Lakini mimi nilikuwa najiuliza nitamjibu nini akifika umri wa kuuliza. Loleza tumeshamweleza jina lake, Tazara naye ameshaelezwa. Huyu ningemwambia tulikuita Kitulo kwa sababu kaka na dada yako walikuwa na majina ya mahali? Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kulima hata tuta moja la viazi Kitulo. Jina lake lingekuwa limetoka kwa wenzake tu, na yeye hana chake ndani yake.

Hapo ndipo nikaacha kuangalia majina ya wale wawili yanafananaje, nikaanza kuangalia tuliyapataje. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, na ufanye na mwenzako, kwa sababu kila mmoja anakumbuka yake.

Loleza alizaliwa tulipokuwa tumepanga chumba kimoja, dirisha lake dogo linatazama mlimani. Mimi nilikuwa mgeni Mbeya, nimetoka Iringa, sina ndugu hapa, mume anashinda kazini. Mchana kutwa nilikuwa na ule mlima. Ukifunikwa na mawingu nilijua nianue nguo. Sikumpa mwanangu jina la mlima kwa kuupenda utalii.

Tazara ni jina la babu yake. Si kwamba babu aliitwa hivyo. Babu aliifanyia kazi reli hiyo tangu ujenzi, ambao ulianza 1970 na njia ikakamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Alikuwa kijana wa Tukuyu ambaye hajawahi kutoka kwao, akajikuta kwenye milima ya kati ya Mlimba na Makambako, wanakotoboa mahandaki na kusimamisha madaraja pamoja na Wachina. Mpaka anafariki, stori zake zote zilipita kwenye reli. Alifariki mimba ya mvulana wangu ikiwa changa. Jina lake halisi tayari wajukuu wawili walikuwa nalo, kwa hiyo tukachukua kazi yake.

Nilipoyaweka hivyo mezani nikaona kwamba mahali halikuwa jambo lenyewe. Kila jina lilitoka kwenye kitu ambacho mtu wa nyumba hii alikitegemea kuishi. La kwanza lilikuwa la maisha yetu hapa mjini, la pili la ukoo wa mume. Nani hajasemewa? Upande wangu! Wahehe wote wa kwetu, wamekaa kimya Iringa wanasubiri kuitwa kwenye sherehe tu.

Bibi yangu mzaa mama alitulea kwa vinyungu. Msiovijua, hizi ni bustani za bondeni, kwenye ardhi inayobaki na unyevu mvua zikishakata; watu wa Iringa na Njombe wanalima humo kiangazi mahindi, maharage na mboga wakati mashamba ya juu yamekauka. Vya bibi vilikuwa kando ya Ruaha Mdogo, mto ule ule unaopita Ipogolo chini ya mji wa Iringa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye zile mboga. Ukisema mto ulinisomesha hutakuwa umeongeza chumvi.

Basi tukamwita Ruaha.

Mama mkwe wangu alitaka Atupele. Alikuwa amelitaja tangu mimba ikiwa ya miezi minne, na alilitaja kwa upole, ndivyo alivyo, lakini alilitaja kila aliponijia. Sasa, hapa wengi wetu huwa tunakimbilia kubishana juu ya nani mwenye haki ya kumpa mtoto jina. Usifanye hivyo na mkweo wa Kinyakyusa, utashindwa, na hata ukishinda utakuwa umeshindwa. Mimi nilimpelekea habari ya mto. Nikamwambia, mama, Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unaanzia kwenye milima ya huku huku Mbeya, unapita Usangu, ndipo unafika kwetu Iringa. Maji ya kwenu na ya kwetu yanakutana humo. Akakaa kimya, akauliza kama Usangu ni kule Mbarali kwenye mpunga. Nikamwambia ndiko. "Ndaga, mwanangu," akasema, yaani asante, na hakulitaja Atupele tena mbele ya watu. Akiwa peke yake na mtoto analiita, nimemsikia jikoni, na mtoto anaitika. Jina la nyumbani halijawahi kumdhuru mtu.

Linalodhuru ni la kwenye karatasi, na hapa naomba unisikilize hata kama yote ya juu umeyapuuza. Mtoto mmoja awe na jina moja la maandishi. Nimeona kijana ambaye kadi ya kliniki inasema hivi, cheti cha ubatizo vile, shuleni akaandikishwa na shangazi kwa jina la tatu. Amefika Kidato cha Sita, anaomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na jina halilingani na la vyeti vya mitihani. Hapo ni viapo kwa wakili, nauli, na machozi ya mama. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano siku hizi si lazima uende wilayani; mpango wa kuwasajili kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bure, ulizinduliwa hapa hapa mkoani Mbeya mwaka 2013. Nenda na jina mliloafikiana, si na majina mawili mnayosubiri kuchagua.

Tena liandike wewe mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, umkabidhi anayejaza. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunajijua kwa R na L. Lugha zetu nyingi za nyumbani hazina R, tunaiokota shuleni, kisha tunaitumia panapohitajika na pasipohitajika. Cheti cha kwanza cha Loleza kiliandikwa Roleza. Nilikiona pale pale dirishani, nikakirudisha, kikaandikwa kingine. Ruaha nilijua ataitwa Luaha na nusu ya mtaa, na bibi yangu mwenyewe angekuwa wa kwanza, kwa hiyo nilipofika kusajili nilisimama mpaka nikaona R imekaa. Kama jina unalolipenda lina L na R zote mbili ndani yake, fikiria mara mbili, labda una moyo mkubwa kuliko wangu.

Halafu lipime na la baba. Mtoto wa Tanzania haendi na jina lake peke yake; nyuma yake kuna la baba na la babu au la ukoo, na majina ya ukoo ya huku yenye Mwa- si mafupi. Jina refu la kwanza likifuatwa na mengine mawili marefu halitoshi kwenye visanduku vya fomu, mtu atalikata anavyojua yeye. Na maana zake zisigongane. Tafadhali usimwite mwanao Furaha ikiwa baba yake ni Shida, labda kama wote wawili wana ucheshi wa kutosha.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Jina la mdogo linabadilisha majina ya wakubwa. Naijua familia moja, siwataji, ambayo mtoto wa kwanza aliitwa Tabu na wa pili Mateso, kwa sababu miaka hiyo mambo yalikuwa magumu kweli na wazazi walisema kilichokuwepo. Maisha yakanyooka, wa tatu wakamwita Baraka. Hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini Tabu, akiwa na miaka kama tisa, alimuuliza mama yake kama yeye ndiye aliyeleta tabu na Baraka ndiye aliyeziondoa. Majina yake na ya Mateso yalikuwa yanabebeka yalipokuwa mawili peke yao. La tatu ndilo lililoyafanya yaonekane kama lawama. Ukiwa na mkubwa mwenye jina zito, usimtafutie mdogo jina la kumcheka. Tafuta lililo zito kidogo nalo, au lenye ushindi ambao wote watatu wanaweza kuushiriki. Shujaa, kwa mfano, au Tumevuka. Tumevuka naliona zuri kabisa, kwa sababu ndani yake wapo wote.

Washirikishe wakubwa, ila usiwape kura. Tazara wangu alipendekeza tumwite mdogo wake SGR, ile reli mpya, halafu tulipokataa akashuka hadi Mwendokasi, yale mabasi ya Dar. Tulimsikiliza kwa heshima zote. Loleza yeye alitaka jina "la kawaida, kama la kina Gloria," na hilo lilinishtua kidogo kwa sababu sikujua kama la kwake linamchosha.

Ikikutokea hivyo, usiharakishe kumpa anayekuja jina la kawaida ili kumfariji mkubwa. Atabaki peke yake na la kwake, na hilo ndilo litakalomuuma. Mimi nilikaa na Loleza, nikamuuliza ni nani anamsumbua. Kumbe darasani kuna mtoto anamwambia "nikupande?" kila mapumziko. Tulikwenda kwa mwalimu wake, akalimaliza kwa siku moja. Kisha Jumamosi iliyofuata baba yake akampeleka hadi kile chumba cha zamani, mwenye nyumba akawaruhusu waingie, akamsimamisha dirishani. Aliporudi hakusema kitu kuhusu jina. Alilalamika kwamba chumba ni kidogo sana na akauliza tulikuwa tunaweka wapi jiko.