Mota nasuka, hesabu zinanishinda

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Jinja, Uganda. Nina miaka 31, niliishia senia foo (kidato cha nne), na huu ni mwaka wa tisa nasuka mota, yaani nazifunga waya upya, za mashine za kusaga posho. Nilijiunga kwa simu na kozi ya bure ya uhandisi wa umeme ya chuo kimoja cha nje. Somo la pili tu, mara "j", mara digrii 120, nikapotea. Mtihani nao ulikuwa wa dakika 40. Mtandao ukakatika, nikapewa sifuri. Kozi hizi ni za watu kama sisi kweli?
Fundi wa Walukuba

JIBU: Kaka fundi, hiyo digrii 120 unaishika kwa mikono kila siku. Chukua mota ya ncha nne za sumaku, yenye sloti 36, zile nafasi za kulaza waya. Fezi ya kwanza, yaani seti ya kwanza kati ya tatu za waya, ukiianzia sloti ya 1, ya pili unaianzia wapi? Ya 7. Ya tatu? Ya 13. Nani alikwambia uruke sita? Fundi wako, naye aliambiwa na wake. Sasa gawa: 36 kwa ncha nne ni sloti tisa kila ncha, na kila ncha ni digrii 180 za umeme. Kwa hiyo sloti moja ni digrii 20. Sita mara 20? Ni 120, ndiyo hiyo yao. Na "j" ni kugeuza robo duara ule mshale wanaouchorea umeme, basi.

Mwenye kosa ni aliyetunga somo akidhani kila mtu katoka senia siksi, tena ana Wi-Fi nyumbani. Mwandikie umwombe mtihani usiobanwa na muda, wengine husikia.

Wakati huo rudi kwenye trigonometria, hesabu za pembe, ya Khan Academy, kisha MIT OpenCourseWare, zote tovuti za masomo ya bure. Video za MIT unaweza kuzipakua ukaziangalia bila mtandao, na bando letu lina kodi ya asilimia 12 tangu 2021, kwa hiyo pakua mara moja tu.

Ila cheti cha mtandaoni hakikufanyi injinia. Bodi ya usajili wa mainjinia inataka digrii ya chuo. Mimi niliingia chuo kwa mtihani wa watu wazima, ule wa miaka 25 na zaidi. Makerere wanao, ulizia idara ya umeme.

Leo usiku piga hesabu ya mota ya sloti 24, ncha nne. Fezi ya pili inaanzia wapi? Niandikie.