Visanduku vya katuni kandokando ya Kafubu: anza na mwenye bustani

Ukitaka kuwachezesha watoto mchezo wa visanduku vilivyofichwa hapa Lubumbashi, usianze na kopo, wembe wala wino. Anza na mtu anayelima pale mtoni. Nimeona wazazi wenye hamu kubwa wakichora ramani jioni nzima, halafu kesho yake wanakwenda kufukia vitu penye shamba la mtu asiyewajua. Mji wetu humwelewa kwa njia mbili tu mtu anayechimba kishimo kichakani huku akigeukageuka nyuma: ama amenusa madini, ama analoga.

Kwa wasioujua, mchezo huu wanauita letaboksi, nao ulianzia Dartmoor, nyika ya mawe na matope kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiwaongoza wageni katika nyika ile, aliweka chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool, mbali na njia, ili waliojikaza kufika waache kadi zao za majina. Baadaye watu wakawa wanaacha barua, na anayefika baada yao anazichukua na kuzitia posta. Mihuri ilikuja nyuma. Huko Marekani mchezo ulishika kasi baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998.

Siku hizi unachezwa hivi: ndani ya kila kisanduku kuna muhuri uliochongwa kwa mkono, na kidaftari. Mtafutaji anakuja na muhuri wake na daftari lake. Anagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake, anagonga wa kwake kwenye kidaftari alichokikuta, anaandika tarehe na jina lake la mchezo, anafunga, anarudisha palepale. Haondoki na kitu. Kuna mchezo mwingine wa jamaa hiyo, ulioanza mwaka 2000, wa kutafuta kwa GPS. Kwa watoto siupendi. Wanatembea wamekodolea simu macho, na simu mkononi njiani kama ile ni kuwaita wezi.

Muhuri, kwa upande mwingine, mtoto wa Kongo hafundishwi uzito wake. Amekua akiona karatasi isiyo na muhuri ikirudishwa dirishani. Mpe wa kwake, wenye alama aliyoichagua mwenyewe, uone anavyokunja uso akigonga. (Usimchongee wa duara wenye nyota na maandishi pembeni. Utafanana na wa ofisi ya serikali.)

Mimi hutumia mto Kafubu, kusini ya mji. Mto Lubumbashi uko karibu zaidi, lakini unapita jirani na kiwanda cha zamani cha shaba, kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911, pale penye bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki, na sitaki mikono ya watoto kwenye tope la pale. Kafubu nayo si maji ya kunywa, maana mto Lubumbashi unamwaga humohumo, na kichocho hakiulizi mtu anatoka kartye (mtaa) gani. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa watoto ni kwamba hakuna kisanduku upande wa maji. Vyote viko upande wa juu wa njia. Anayeshuka kwenye ukingo amekosea njia, arudi. Nabeba bido (dumu) la maji safi na sabuni, na tunanawa kabla ya mkate.

Sasa turudi kwa wenye bustani. Wakati wa kiangazi mabonde ya mto yamejaa akina mama wanaolima lengalenga (mchicha), kabichi na vitunguu. Mmoja wao aliniona na kopo langu, akaniuliza bila kuacha kumwagilia:

“Mu ndani iko nini?”

Nikamfungulia. Akautoa muhuri, akaugeuza, akautazama yule panya niliyemchonga, masikio mawili makubwa na mkia. Nikamweleza: ni katuni, paka anamfukuza panya, watoto wanafuata njia ya panya. Akacheka kidogo, kisha akawa mtu wa kazi.

“Bantu batasema ni dawa ya mulozi. Andika juu yake. Uweke nyuma ya kibanda yangu, nitabaambia.”

Halafu akataka kugonga na yeye. Muhuri hakuwa nao, basi akachovya kidole gumba kwenye tampo, kile kisahani cha wino wa mihuri, akakibandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kidaftari kama siku ya kura. Kila mtoto anayefika pale anaikuta alama ya Mama juu kabisa, na wote huuliza ni mchezaji gani huyo aliyewatangulia.

Maneno yale ya Mama yana karibu ushauri wangu wote. Kisanduku kifiche kwa wachezaji, usikifiche kwa wenyeji. Juu ya kifuniko, kwa kalamu isiyofutika, andika kwa Kiswahili na Kifaransa: mchezo wa watoto, si dawa, hakuna kitu cha kuuza, mwenye bustani anajua. Pitia kwa chefu (mkuu) wa mahali pale pia, tena uende na mtu anayefahamika, na usiende mikono mitupu. Sukari kidogo au sabuni ni adabu tu. Na mchezo ukiisha, nunua mboga kwa yule aliyekulindia. Wapwa zangu wanarudi nyumbani na mafungu ya lengalenga kwapani, na dada yangu amekoma kuuliza mchezo huo una faida gani.

Kuna sababu nyingine ya kukaa karibu na bustani, nayo ni moto. Likizo kubwa ya shule inaanza Julai, ndipo majani yamekauka na watu wanaanza kuchoma pori. Kisanduku cha plastiki kwenye majani makavu hakina maisha mwezi Agosti. Lakini ukingo wa bustani inayomwagiliwa asubuhi na jioni unabaki na unyevu, na moto ukifika pale huzimika. Mvua zikianza kushika, mwezi wa kumi na moja, mabonde hayohayo hujaa maji. Hapo toa kila kitu. Mchezo huu kwetu ni wa kiangazi. Wanaosema unachezeka mwaka mzima wanazungumzia nchi nyingine.

Kuhusu chombo chenyewe, usinunue kizuri. Kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, lile la mayonezi au la siagi ya karanga, linazuia maji vizuri, lakini likiwa safi na linang’aa lina bei sokoni, na litakwenda kuwekewa chumvi jikoni kwa mtu. Likwaruze, lipake tope, lizungushie kiraka cha mfuko wa saruji. Kopo la bati la maziwa ya unga achana nalo, linashika kutu na kuchafua karatasi. Ndani, muhuri na kidaftari kila kimoja kwenye nailoni yake. Tampo usiiache kisandukuni, inakauka. Nenda nayo mfukoni.

Katuni gani? Hapa mzazi anajifurahisha mwenyewe, tusidanganyane. Kizazi changu kilitazama kwa jirani mwenye televisheni, tumekaa chini, tukiomba umeme usikatike kabla ya mwisho. Tom na Jerry, walioanzishwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940, walitufaa wote kwa sababu karibu hawasemi. Aliyejua Kifaransa na asiyekijua walicheka wakati mmoja. Kwa njia ya mtoni wanafaa pia, maana hadithi yao ni mbio. Kisanduku cha kwanza kina nyayo tu. Kinachofuata kina mkia unaopotelea kwenye tundu, kisha masharubu ya paka, na kuendelea, hadi cha mwisho ambapo wote wawili wamekaa pamoja. Mtoto akikosa kimoja, daftari lake lina pengo kwenye hadithi, na atakuvuta mkono mrudi.

Schtroumpfs, wale watu wadogo wa bluu waliochorwa na Mbelgiji Peyo mwaka 1958, ni wazuri kwa sababu tofauti. Wote wana umbo moja, wanatofautishwa na kitu kimoja: miwani, kioo, ndevu, penseli sikioni. Ukishajua kuchonga mmoja umewajua wote, unabadilisha kile kitu tu. Rangi haikusaidii, muhuri una rangi moja, kwa hiyo ndevu ndizo zitakazomtambulisha mzee wao, si nguo nyekundu. Michoro hiyo ina wenyewe. Kwa mchezo wa familia hakuna tatizo, ila usianze kuuza mihuri yake sokoni.

Kuchonga kunatisha kuliko kulivyo. Nunua kifutio cheupe cha shule, kikubwa, kile laini. Chora mhusika kwa penseli nyeusi kwenye karatasi nyembamba, kandamiza, rudia mistari mpaka ing’ae. Lalisha karatasi kifudifudi juu ya kifutio, isugue kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, bila kuisogeza. Ukiinua, mchoro umehamia kwenye kifutio ukiwa kinyume, na ndivyo unavyotakiwa, kwa sababu ukigonga utageuka tena na kukaa sawa. Maandishi pia yatakaa sawa. Kisha kwa wembe mpya, uliovunjwa nusu na kufungwa kitambaa upande wa kushikia, ondoa kila sehemu isiyo na penseli. Ulaze wembe uelekee nje ya mstari, ili mstari uwe na msingi mpana chini. Ukiuelekeza ndani, mstari unabaki umesimama kwenye shingo nyembamba, na mikono ya watoto itauvunja siku hiyohiyo. Macho usiyachonge kwa wembe. Chukua mrija wa bik (kalamu ya wino) usio na wino, bonyeza na kuzungusha, duara linatoka lenyewe. Kama vifutio vimekosekana, soli ya kandambili za povu inafaa, ila inataka michoro minene.

Maelekezo ya njia yanahitaji akili zaidi ya uchongaji. Usimwambie mtoto “penye mti mkubwa”. Mti mkubwa wa mwezi wa tano unaweza kuwa makala, yaani mkaa, kwenye gunia mwezi wa nane. Kichuguu nacho, hata kile kirefu kuliko nyumba, watu wanakichimba kufyatua matofali. Vinavyobaki ni daraja, reli na nguzo za umeme, lakini hivyo ni vya kuangalia kwa mbali tu: “ukiwa na nguzo mbele yako na mto kushoto”. Usifiche kitu chini yake, wala usipige picha, usije ukatumia mchana wote kujieleza kwa askari. Hatua zihesabu kwa miguu ya mtoto mwenyewe, si yako.

Na vitendawili vitumike, watoto wanavipenda kuliko ramani. Kimoja changu kinasema: “Nina mdomo wa bati, nanyesha bila wingu.” Waliokulia mjini walinyoosha shingo kutafuta paa lenye mfereji, mpaka mdogo wao akamwona Mama akimwagilia. Ulipo mdomo wa bati, tembea hatua ishirini kuelekea kibanda.

Kabla ya mkono kuingia kwenye tundu lolote, fimbo inatangulia. Hilo sina mjadala nalo, nyoka hawajui katuni.

Siku yenyewe, mtu mzima mmoja atangulie alfajiri akague vyote, kuanzia cha mwisho kurudi cha kwanza, ili akutane na watoto pale wanapoanzia. Mfukoni awe na kifutio kimoja kilichokwisha kuchongwa kwa kila mhusika na vidaftari viwili vya akiba. Pale ambapo kopo limekwenda, anamwachia mwenye bustani muhuri mkononi, na watoto wakifika wanaugongea kwake.